Dakika Tisini Zisizo na Sheria

Niliamini, tena kwa moyo mweupe kabisa, kwamba refa anapopuliza filimbi ya kuanza mpira, sheria ya nchi inalala. Hailali mjini kote. Inalala pale uwanjani tu, kwa dakika tisini. Katika dakika hizo unaweza kumtukana waziri, ukipenda unamtukana na mama mkwe wa waziri, na hakuna jandarme, askari wa serikali, wa kukugusa, kwa sababu maneno ya uwanjani hayaandikwi popote. Filimbi ya mwisho ikilia, sheria inaamka, inajinyoosha, inarudi kazini. Ndiyo maana, niliambiwa, refa huvaa saa mbili mkononi: moja ni ya mpira, nyingine ni ya serikali.

Aliyenifunulia siri hiyo ni mkata tiketi wa lango la mashariki, mzee mwenye kofia ya kaki na meno matatu. Alinitolea mpaka mifano. Kuna mtu, alisema, alimwita mkubwa mmoja mwizi katika dakika ya themanini na tisa, akaenda zake nyumbani kula maharage. Mwingine akasema neno lile lile dakika moja baada ya filimbi, akala miaka miwili jela. Mimi nikatikisa kichwa kama hakimu. Siku hizo ndiyo kwanza nilikuwa nimepata cheti changu cha shule ya jioni, na katika mtaa mzima wa Gatsata, Kigali, kuanzia bondeni mpaka juu kwenye migomba ya mwisho, hapakuwa na msomi wa kunizidi. Naongeza chumvi. Walikuwepo mapadri wawili na mkunga. Hata hivyo niliichukua habari ile, nikaitia maneno ya Kifaransa, nikaanza kuifundisha kwa watu kana kwamba niliisoma katika gazeti la serikali.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa rafiki yangu, fundi wa bodi.

"Sha profesa," aliniuliza; sha ni kama kusema mwenzangu, na profesa ndivyo walivyoniita gereji, kwa heshima kidogo na kejeli nyingi, "na refa akiongeza dakika tano?"

"Sheria inalala dakika tano zaidi."

"Mungu wangu. Basi hii nchi inataka mpira kila siku."

Tulifanya kazi chini ya bati moja, kwenye barabara inayopanda kutoka Nyabugogo. Yeye aligonga bodi, mimi nilipaka rangi. Gari likiletwa limekunjamana kama shati lililolaliwa, analigonga kwa nyundo ya mbao, huku anainamisha sikio kama daktari anayesikiliza kifua, mpaka bati linakubali kuwa bati tena. Hapo siongezi chumvi hata punje. Alikuwa na sikio. Alijua kwa mlio tu mahali bati lilipochoka.

Gereji yetu ilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Gari likipona hatukulikabidhi kimya kimya. Mafundi wote waliacha kazi wakalizunguka, rafiki yangu akasimamisha pipa tupu la oili mbele yake, akalipiga kwa viganja na kwa nyundo, na mimi nikaimbisha kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha ya spana na ya mpira mjini Kigali, hata kwa sisi tuliokivunjavunja.

"Gari tayari!"

"Nenda!"

"Mlango umefungwa!"

"Nenda!"

"Hatutaki kukuona tena!"

"Nenda!"

Kumwambia mteja hatutaki kumwona tena ndiyo ilikuwa baraka yetu: asipate ajali nyingine. Wateja walicheka mpaka wakasahau kulalamika juu ya bei. Wanyarwanda wa kike, Waganda wenye malori, hata mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa haelewi neno, wote walitoka getini wakipiga honi.

Jumapili tuliuchukua wimbo huo, pipa na kila kitu, tukaupeleka uwanjani. Timu ya ugenini ikifungwa magoli mawili, rafiki yangu alinitazama, mimi nikasimama juu ya benchi. Sauti yangu wakati ule ilikuwa ya kuangusha ndege, na uwanja wa ndege wa Kanombe uko mbali. Nikaita, "Gari tayari!" na jukwaa zima likajibu, "Rudini kwenu!" Basi lililowaleta wale wageni kweli lilikuwa linasubiri nje. Mashabiki wao hawakukubali kushindwa, walituitikia kutoka ng'ambo, "Tairi bado! Tairi bado!" Siku moja kipa wao aligeuka akatupungia mkono kama bwana harusi. Baada ya mpira tulikunywa nao pombe ya ndizi hapo nje, na walitaka tuwafundishe maneno. Tuliwafundisha. Nilijisikia kama waziri wa utamaduni.

Oktoba ya mwaka 1990 vita vikaanza kaskazini, mpakani. Katika vitambulisho vya siku zile kulikuwa na mstari wa kabila. Changu kiliandikwa Mhutu, chake Mtutsi. Kabla ya Oktoba ile, nakuapia, nilikuwa sijakisoma chake, kwa sababu nani anasoma kitambulisho cha mtu anayekula naye sahani moja? Mwezi ule kilisomwa na kila mtu. Watu walikamatwa kwa wingi kuliko jela zilivyoweza kubeba, wengi wakawekwa uwanjani, uwanja wetu ule ule, na yeye alikuwa mmoja wao. Aliachiliwa baada ya siku nne. Alirudi gereji midomo imepasuka kwa kiu, akaketi juu ya pipa lake.

"Siku nne nzima, sha," alisema. "Na hakuna hata goli moja."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikamweleza, kwa elimu yangu, kwamba hilo halipingani na ile sheria, kwa kuwa hapakuwa na refa. Bila filimbi, sheria iko macho. Akasema, "Basi ilikuwa macho sana."

Halafu vyama vya siasa vikawa vingi, na kila chama kikawa na vijana wake, na vijana wakaja mpirani. Walikuja pamoja, wamevaa vitambaa vya aina moja, na ngoma zao zilikuwa za ngozi, nzito kuliko pipa letu. Walikaa jukwaa la chini yetu. Walikuwa wanaujua wimbo wetu neno kwa neno, na sikatai, nilifurahi. Niliwaonyesha watu: unaona, wimbo wangu umefika mpaka kwenye siasa.

Mwanzoni mwa mwaka 1993, Jumapili moja ya mvua, timu yetu ilikuwa inaongoza. Nikapanda benchi. "Gari tayari!" nikaita. Jukwaa letu likajibu. Kisha vijana wale wa chini wakaurudia wimbo, lakini hawakusema gari. Waliimba, "Mto tayari! Rudini kwenu!" Nikadhani wamekosea. Wakarudia. Nikaona kwamba hawatazami mpira. Walikuwa wameupa uwanja mgongo, wanatutazama sisi juu, sura moja moja, na pale walipoona sura waliyoitaka walinyoosha kidole.

Hakuna mtu mjini aliyehitaji kuelezwa mto gani. Miezi ile maneno hayo yalikuwa yameshazagaa, kwamba Watutsi walikuja kutoka mbali na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mto. Na mto haukodishi basi. Anayerudishwa kwa mto harudishwi akiwa hai.

Ngoma ilinyamaza nyuma yangu. Niligeuka. Rafiki yangu alikuwa ameweka viganja viwili juu ya pipa, kama mtu anayezima kengele isiendelee kulia. Wimbo haukunyamaza. Ulikuwa hautuhitaji tena. Majandarme wawili walikuwa wamesimama pale chini, hatua tano kutoka kwa waimbaji, na mmoja wao kiatu chake kilikuwa kinafuata mdundo. Wakati wa mapumziko mashabiki wachache wa ugenini walisimama wakapiga kelele, "Aibu! Aibu!" Hao ndio waliokamatwa. Walivutwa kwa kola mpaka nje.

Jioni ile, tukirudi kwa miguu, nilimpa maelezo. "Umeona? Wale wa mto wameimba mpira ukichezwa. Wale wa aibu wamepiga kelele mapumziko, filimbi imeshalia. Sheria ilikuwa imeamka kidogo."

Aliongeza mwendo. Alikuwa amelibeba pipa kichwani.

Jumatatu aliomba ruhusa kwa mwenye gereji, akavaa koti lake la harusi, akaenda parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Alirudi saa sita mchana. Alinikuta nikisugua boneti kwa msasa, na akaanza kuongea kabla hajavua koti.

"Sha, iko article ya sheria."

"Article ya nini?"

"Ya kutukana watu mbele ya watu kwa sababu ya kabila yao. Ya kuchochea watu wachukiwe. Karani amenisomea katika kitabu. Kifungo iko, amande ya pesa iko."

"Uwanjani?"

"Amesema mbele ya watu. Uwanjani si mbele ya watu? Wale wote ni mbuzi?"

Mafundi wengine walikuwa wameacha kazi. Mmoja akasema, "Fundi, utaifunga nchi nzima wewe?" Wakacheka, lakini si kwa sauti.

Rafiki yangu alinisogelea. Karani, alisema, hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba neno lake peke yake ni neno la mtu aliyetukanwa. Alete mwingine aliyesikia, asiyekuwa Mtutsi, anayeweza kusema maneno yapi ni ya wimbo na yapi yameongezwa, na ni akina nani walioyaongeza. Akija, atafungua jalada.

"Wimbo ni wako," alisema. "Vijana wale unawajua, watatu wanakunywa pale pale tunapokunywa sisi. Hakuna shahidi kama wewe. Twende Alhamisi."

Basi hapo ndipo nilipotoa mhadhara bora wa maisha yangu. Kwa kidole nilichora uwanja kwenye vumbi la boneti: lango hili, lango lile, duara la katikati. Nikachora refa na saa zake mbili. Nikaeleza kwamba article yake ni nzuri, article ni nzuri sana, lakini inaishia getini. Nikasema *immunité*, nikasema *juridiction*, na maneno mengine ambayo hayakuwahi kukutana kabla ya siku ile. Mafundi walipiga makofi. Mmoja aliniletea soda.

Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize, akauliza, "Na mimi nikiwa nyumbani kwangu na wanangu, na wao wanaimba barabarani, refa ni nani?"

"Barabarani sheria iko macho," nikamwambia.

"Basi njoo useme hilo kule parke."

Nikasema nitaangalia. Watu huniuliza kama niliogopa. Wale vijana walikuwa wa kuogopwa, na ningekuwa na haki. Lakini nasema ukweli: mimi niliamini. Niliamini saa mbili za refa. Ila naona pia, nikirudi nyuma, jinsi kuamini huko kulivyonifaa. Aliyeogopa analala vibaya. Mimi nililala kama mtoto aliyeshiba.

Alhamisi alikuja asubuhi na lile koti. Nilikuwa nimeshachanganya rangi nyekundu, na upande mmoja wa gari nilikuwa nimeupiga tayari.

"Twende," alisema.

"Nikiacha sasa itakauka na mstari. Ngoja nimalize huu mlango."

Akangoja. Nilimaliza mlango, nikaanza mwingine. Gari lile lilikuwa na milango minne, lakini ukiniuliza mimi siku ile lilikuwa na milango kumi na saba. Nilipaka kila mmoja kama mtu anayepamba kanisa kuu. Pistoli ya rangi ilikuwa inapiga kelele, kwa hiyo hatukuweza kuongea, na hilo pia lilinifaa. Alisimama karibu na mlango wa bati, mbali na rangi, asichafue koti. Mara moja nilimwona anatazama jua. Niliinama kupaka chini ya mlango wa nne, na nilipoinuka hakuwepo.

Alirudi alasiri, akavaa bwelasuti, akashika nyundo.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Karani ameweka karatasi yangu kwenye mtoto wa meza. Amesema siku nikimpata mtu, nirudi."

Hakunilaumu. Hakununa hata. Tuliendelea kula pamoja, aliendelea kuniita profesa. Ila lile gari jekundu lilipokuwa tayari, mteja akasimama anatabasamu akingoja wimbo, maana sifa yetu ilikuwa imeenea, na mafundi wakalizunguka. Rafiki yangu alifuta mikono, akaenda kwenye ndoo kunawa. Tulimngoja. Alinawa taratibu mno, kidole kwa kidole. Mwisho mteja akawasha gari akaondoka. Tangu siku ile magari yalitoka gereji yetu kimya, na mpirani hatukwenda tena. Nilisikia kwamba vijana bado wanauimba, na kwamba wameongeza beti.

Ya Aprili 1994, Watutsi walipoanza kuuawa nchi nzima, sitasema mengi, na hapa sina chumvi ya kuongeza. Katika siku zile za mwanzo sikufika nyumbani kwake, umbali ambao nilizoea kuutembea huku nikila hindi moja lisiishe. Kwenye barabara kulikuwa na vizuizi, na kwenye vizuizi walikuwepo vijana niliowajua. Kitambulisho changu kilinipitisha. Nilipita. Niliondoka na majirani kwenda upande wa Gitarama, nikasukumwa mbele zaidi na umati, na niliporudi Septemba gereji haikuwa na bati. Pipa lilikuwa limelala mahali pake, limetobolewa.

Niliuliza wiki nyingi kabla ya kuambiwa kwamba mke wake yu hai na mtoto mmoja kati ya watatu, na kwamba wanakaa Busanza, nyuma ya Kanombe, katika nyumba waliyopewa pamoja na wanawake wengine. Nilikwenda mchana, na sabuni mche mmoja na sukari. Alikuwa anachambua maharage nje. Alinitambua, hakushtuka. Alinisogezea kigoda.

"Karibu, shemeji."

"Asante, shemeji."

Nilimwuliza kuhusu mtoto. Akaniuliza kuhusu kifua changu, kama rangi bado inanikohoza. Kisha, bila mimi kuuliza, akanieleza, huku mikono inaendelea na maharage. Walikuja siku ya tatu. Walikuwa sita. Walimtoa nje wakampeleka kwenye kizuizi cha chini, kuelekea mtoni.

"Waliimba," alisema. "Ule wimbo wenu wa gereji. Yeye alikuwa anawatazama tu midomo."

Ilikuwa lazima niseme kitu, na mimi nikikosa la kusema huwa nasema mengi. Nikamwambia kwamba nimekuwa nikifikiria ile siku ya parke. Kwamba ningekwenda, Mungu ananiona ningekwenda, lakini isingesaidia, kwa sababu maneno yale yaliimbwa uwanjani, mpira ukichezwa, na ndani ya zile dakika tisini sheria haina nguvu, refa akishapuliza filimbi mtu hashtakiwi kwa alichosema. Nilisikia sauti yangu inapanda kama zamani. Nilikuwa nimeshainua mkono kumwonyesha mahali saa mbili zinapokaa.

Aliniacha nikamaliza. Aliliweka pembeni sinia la maharage.

"Shemeji," alisema, "hiyo sheria haikuwepo. Mkata tiketi alikuwa anawatania. Mume wangu alimwuliza karani kuhusu hiyo filimbi yako, alimwuliza kwa ajili yako, na karani akamwambia uwanjani ni sawa na barabarani, ni sawa na sokoni. Kama wangefungwa, mimi sijui. Lakini sheria ilikuwepo, na ilikuwa inangoja mtu mmoja aje aseme amesikia."